Habeas Corpus ya Mahabusu wa Uhamiaji katika Mahakama za Shirikisho za Marekani

Habeas corpus ni amri ya mahakama inayomtaka aliyemshikilia mtu aeleze mbele ya jaji anamshikilia kwa sheria gani. Maelezo yasipotosheleza, jaji huamuru aliyeshikiliwa aachiwe. Nchini Marekani ombi la amri hii limebaki kuwa njia kuu ya mtu aliyewekwa kizuizini kwa sababu za uhamiaji kulifikisha suala la uhuru wake kwenye mahakama ya shirikisho. Ombi halisemi lolote kuhusu kama mtu huyo anastahili kuishi Marekani. Linauliza jambo moja: je, kumfungia, leo, pale alipo, ni halali? Nguvu ya ombi hili inatokana na ufinyu huo wa swali, na udhaifu wake vilevile.

Ili kuona kwa nini njia hii ina uzito, ni lazima kutenganisha mifumo miwili inayoendeshwa sambamba. Kesi ya uhamiaji, yaani swali la nani aondolewe nchini na nani abaki, husikilizwa na majaji wa uhamiaji. Hao, licha ya cheo chao, ni watumishi wa Wizara ya Sheria. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndiye anayewateua. Rufaa kutoka kwao huenda kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, nayo ikiwa chini ya wizara hiyohiyo, na maamuzi ya Bodi yanaweza kutenguliwa na Mwanasheria Mkuu mwenyewe. Jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho ni mtu wa namna nyingine: huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na akishaapishwa hukaa kwenye kiti maisha yake yote bila kuhofia kufukuzwa kazi kwa sababu ya uamuzi alioutoa. Mahabusu anayepeleka ombi la habeas corpus anatoka kwa jaji wa aina ya kwanza na kwenda kwa jaji wa aina ya pili, lakini kwa swali la kizuizi tu. Kesi yake ya uhamiaji inabaki kule ilikokuwa. Ndugu wa mahabusu mara nyingi hudhani kwamba akishinda habeas corpus amepata na makaratasi. Hapati. Anapata mlango wa kizuizi kufunguliwa, au nafasi ya kuomba dhamana.

Marekani iliirithi habeas corpus kutoka Uingereza, ambako Bunge lilikuwa limeitilia nguvu kwa sheria ya mwaka 1679. Katiba ya Marekani, katika Ibara ya 1, inakataza isisimamishwe isipokuwa pale uasi au uvamizi unapoifanya hatua hiyo kuwa ya lazima kwa usalama wa umma. Sheria ya Mahakama ya 1789 iliwapa majaji wa shirikisho mamlaka ya kuitoa, na leo mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 2241 cha Juzuu ya 28 ya Sheria za Marekani. Kusimamishwa kwake kumekuwa nadra: wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, katika sehemu za South Carolina mwaka 1871 kupambana na Ku Klux Klan, Ufilipino mwaka 1905, na Hawaii baada ya shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941. Mei 2025 Stephen Miller, mmoja wa wasaidizi wakuu wa Rais Trump, aliwaambia waandishi wa habari kwamba serikali ilikuwa ikiliangalia suala la kuisimamisha kwa hoja ya uvamizi, ingawa wanasheria wengi wanashikilia kuwa uwezo huo ni wa Bunge, si wa Rais. Kenya, kwa kulinganisha, haikuacha upenyo: Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inaiweka haki ya kupata amri ya habeas corpus kati ya haki chache zisizoweza kuwekewa mipaka yoyote.

Wahamiaji waliifahamu njia hii mapema. Baada ya Sheria ya Kuwazuia Wachina ya 1882, abiria waliozuiwa ndani ya meli katika bandari ya San Francisco walipeleka maombi kwa maelfu kwenye mahakama ya shirikisho ya mji huo. Mmoja wao, Wong Kim Ark, alikuwa amezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina na alizuiwa aliporudi kutoka safari ya China mwaka 1895. Ombi lake lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1898 iliamua kuwa aliyezaliwa Marekani ni raia. Hukumu kubwa kuliko zote kuhusu uraia wa kuzaliwa ilianza kama ombi la mtu aliyefungiwa melini. Miaka 55 baadaye mahakama hiyohiyo ilionyesha upande wa pili. Katika shauri la Mezei la 1953, mtu aliyekuwa ameishi Buffalo kwa miaka 25 alikwama katika kisiwa cha Ellis baada ya safari ya Ulaya: Marekani ilikataa kumpokea kwa sababu za siri za usalama, na nchi nyingine nazo zikamkataa. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliona kwamba kisheria alikuwa bado mlangoni, hajaingia, hivyo hakuwa na dai la utaratibu wa haki. Tofauti hii kati ya aliyeingia na anayehesabiwa kuwa hajaingia, hata kama miguu yake imo nchini, haijafa. Ndiyo iliyozua mgogoro mkubwa wa mwaka 2025, utakaoelezwa hapa chini.

Kwa muda mrefu habeas corpus ilitumika kupinga hata amri yenyewe ya kuondolewa nchini. Bunge lilijaribu kuifunga njia hiyo kwa sheria mbili za mwaka 1996. Mwaka 2001, katika shauri la St. Cyr, Mahakama ya Juu ilikataa kuzisoma sheria hizo kana kwamba zimeondoa habeas corpus bila Bunge kusema hivyo waziwazi. Mwaka 2005 Bunge likasema waziwazi. Sheria ya REAL ID ilielekeza kwamba amri ya kuondolewa nchini ipingwe kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho peke yake, ndani ya siku 30, na habeas corpus ibaki kwa suala la kizuizi. Mwaka 2020, katika shauri la Thuraissigiam, Mahakama ya Juu ilibana zaidi: mwombaji hifadhi kutoka Sri Lanka, aliyekamatwa mita chache ndani ya mpaka wa California, hakuwa akiomba kuachiwa bali kusikilizwa upya ombi lake la hifadhi, na hilo, mahakama ilisema, si kazi ya habeas corpus. Mwaka 2022, katika shauri la Aleman Gonzalez, ikawakataza majaji wa wilaya kutoa amri za zuio kwa ajili ya kundi zima la mahabusu dhidi ya namna vifungu vya kizuizi vinavyotekelezwa. Wanaolalamika leo kwamba mahakama za wilaya zimefurikwa na maombi ya habeas corpus wanapaswa kuikumbuka historia hii. Njia nyingine zilizibwa moja baada ya nyingine, ile ya pamoja ikiwemo, na iliyobaki kwa walio wengi ni ile ambayo kila mtu anapita peke yake.

Hoja za ombi hutegemea kifungu kinachotumika kumshikilia mwombaji, na kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili ni kukitambua kifungu hicho. Vipo vinne vya kujua. Kifungu cha 1226(a) cha Juzuu ya 8 kinahusu mtu aliyekamatwa ndani ya nchi kesi yake ikiwa bado inaendelea. Huyu anaweza kuomba dhamana kwa jaji wa uhamiaji, isiyopungua dola 1,500 na kwa kawaida zaidi ya hapo sana. Kifungu cha 1226(c) kinawahusu wenye makosa fulani ya jinai, nao hawapewi dhamana. Januari 2025 Sheria ya Laken Riley iliwaongeza hata baadhi ya wanaotuhumiwa tu kwa wizi mdogo. Kifungu cha 1225(b) kinawahusu wanaoomba kuingia nchini. Kifungu cha 1231 kinahusu mtu ambaye amri ya kuondolewa kwake imekwisha kuwa ya mwisho.

Katika kundi la mwisho ndipo habeas corpus ilipopata ushindi wake mkubwa wa zama hizi. Kestutis Zadvydas alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Ujerumani mwaka 1948 kwa wazazi wenye asili ya Lithuania. Alipoamriwa aondolewe Marekani, Ujerumani ilimkataa, Lithuania ikamkataa, naye akabaki ndani. Juni 2001 Mahakama ya Juu iliamua, kwa 5 dhidi ya 4, kwamba sheria hairuhusu kizuizi kisicho na mwisho. Miezi 6 baada ya amri kuwa ya mwisho inahesabiwa kuwa muda unaokubalika. Baada ya hapo, mahabusu akionyesha sababu nzuri ya kuamini kwamba hakuna dalili ya kuondolewa katika siku za karibu, serikali ni lazima ilete ushahidi wa kupinga au imwachie. Wacuba, Wavietnam, Walao na watu wasio na uraia wa nchi yoyote walinufaika kwa miaka mingi.

Kwa wale ambao kesi zao bado zinaendelea, mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2003, katika shauri la Demore dhidi ya Kim, Mahakama ya Juu ilikubali kizuizi cha lazima bila dhamana, ikijiegemeza kwenye maelezo kwamba kizuizi hicho ni cha muda mfupi: mwezi mmoja na nusu hivi kwa walio wengi, na kama miezi 5 kwa wanaokata rufaa. Agosti 2016 serikali iliiandikia mahakama barua kukiri kwamba takwimu ilizotoa zilikuwa na makosa. Wastani halisi kwa waliokata rufaa ulikuwa siku 382. Hukumu haikubadilishwa. Mwaka 2018, katika shauri la Jennings dhidi ya Rodriguez, mahakama ilikataa kusoma ndani ya sheria haki ya kusikilizwa dhamana kila baada ya miezi 6, lakini ililiacha wazi swali la Katiba. Tangu hapo mahabusu aliyekaa ndani mwaka mzima akisubiri uamuzi huenda kwa jaji wa wilaya akidai kwamba urefu wa kizuizi umekwisha kuvunja Marekebisho ya 5 ya Katiba. Mahakama za rufaa, kila moja ikiwa na eneo lake liitwalo Mzunguko, hazijakubaliana juu ya kipimo. Ile ya Mzunguko wa 3 huangalia muda uliopita, muda unaotarajiwa, nani anachelewesha kesi na hali ya mahali pa kizuizi. Ile ya Mzunguko wa 2 hupima masilahi ya pande zote mbili. Mizunguko mingine haina kipimo kilichotulia.

Ombi lenyewe, likiwekwa mezani, ni karatasi za kawaida kabisa. Juu kushoto huandikwa jina la mwombaji, na kando yake namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A. Chini yake huorodheshwa wajibu maombi: mkuu wa kituo cha kizuizi, mkurugenzi wa ofisi ya eneo hilo ya ICE (idara inayotekeleza sheria za uhamiaji), waziri wa Usalama wa Ndani, Mwanasheria Mkuu. Hufuata aya zenye namba: alikamatwa lini na wapi, amehamishwa mara ngapi, kesi yake imefikia wapi, amekaa ndani siku ngapi. Siku hizo huhesabiwa moja moja kwa sababu hoja ya Zadvydas au ya urefu wa kizuizi husimama juu yake. Mwishoni huandikwa kinachoombwa: aachiwe, au asikilizwe dhamana ndani ya siku kadhaa serikali ikibeba mzigo wa ushahidi, na wakati shauri linasubiri asihamishwe nje ya wilaya. Ada ni dola 5, ilhali shauri la kawaida la madai hufunguliwa kwa dola 405. Asiye na uwezo huomba kusamehewa hata hizo 5. Ipo fomu ya mahakama kwa asiye na wakili, na wengi huijaza wenyewe kwa kalamu.

Wakili wa kulipiwa na serikali si haki ya mahabusu wa uhamiaji, kwa kuwa shauri lake huhesabiwa kuwa la madai. Jaji anaweza kumteulia mmoja akiona haki inataka hivyo, lakini si wajibu. Sheria pia inaruhusu mtu mwingine, kwa mfano mke, ndugu au wakili, kusaini kwa niaba ya aliyefungwa pale ambapo yeye mwenyewe hawezi. Kwa Mkongo au Mrundi ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga, tatizo huanza kwenye fomu. Ombi huandikwa Kiingereza. Maelezo aliyoyatoa kwa Kiswahili au Kirundi huambatanishwa pamoja na tafsiri, na mtafsiri husaini kuthibitisha kwamba anazimudu lugha zote mbili na ameyatafsiri kwa usahihi. Mkalimani wa simu aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam anaweza kumpoteza kabisa mtu wa Bukavu, na tarehe moja ikikosewa ndiyo wakili wa serikali atakayoishikilia kumwonyesha mwombaji kuwa mwongo.

Ombi huelekezwa kwa nani, na katika wilaya ipi? Maswali haya mawili yanaonekana ya kikarani, lakini ndiyo yanayoamua kesi nyingi. Katika shauri la Padilla la 2004 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mjibu maombi sahihi ni yule anayemshikilia mtu moja kwa moja, na ombi lipelekwe katika wilaya alimofungwa. Mahakama iliacha kiporo kama kanuni hiyo inawahusu mahabusu wa uhamiaji pia, lakini mahakama nyingi za chini zimeifuata. Kiko kichekesho ndani yake: vituo vingi vinaendeshwa na makampuni binafsi kama GEO Group na CoreCivic, hivyo mkuu wa kituo anayetakiwa kujibu ombi dhidi ya dola ni mwajiriwa wa kampuni, asiye na uwezo wa kumwachia mtu bila ruhusa ya ICE.

Kwa kanuni hii, anayeamua mahabusu alazwe wapi anaamua pia jaji gani atamsikiliza. Usiku wa Machi 25, 2025 ulilionyesha hilo waziwazi. Rümeysa Öztürk, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Uturuki katika Chuo Kikuu cha Tufts, ambaye alikuwa ameandika pamoja na wenzake makala ya maoni kuhusu Gaza katika gazeti la chuo, alikamatwa barabarani mjini Somerville, Massachusetts, kwenye saa 11 jioni. Aliingizwa kwenye gari, akapelekwa New Hampshire, kisha Vermont. Wakili wake, asijue yuko wapi, alifungua ombi mjini Boston kwenye saa 4 usiku, wakati mteja wake alikwisha kuvuka mpaka wa jimbo. Jaji wa Boston aliamuru asiondolewe Massachusetts bila taarifa; hakuwemo tena Massachusetts. Alfajiri alipandishwa ndege kwenda Louisiana. Serikali ikadai kwamba Boston haikuwa na mamlaka na shauri liende Louisiana. Mahakama ya Boston ililihamishia Vermont, mahali ambapo Öztürk alikuwa wakati ombi linafunguliwa, na Mei 9 jaji William Sessions wa Vermont aliamuru aachiwe wakati ombi likiendelea kusikilizwa. Kama wakili angechelewa hadi asubuhi, yumkini shauri lingeangukia Louisiana, chini ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5, inayojulikana kwa kuielekea serikali katika mambo ya uhamiaji.

Kinachomwokoa aliyewahi ni kanuni ya zamani kidogo. Mwaka 1944, katika shauri la Endo, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Japani alikuwa amefungua ombi akiwa kambini California, kisha akahamishiwa Utah. Mahakama ya Juu ilisema mamlaka yaliyokwisha kushika hayaondoki kwa sababu mfungwa amesogezwa. Ndiyo maana leo ombi hufunguliwa kwanza, mara nyingi likiwa kurasa chache, na kurekebishwa baadaye. Mahakama ya shirikisho ya Maryland ilikwenda mbali zaidi: Mei 2025 ilitoa agizo la kudumu kwamba kila ombi la habeas corpus la mhamiaji likifunguliwa, mwombaji asiondolewe nchini kwa siku mbili za kazi. Wizara ya Sheria iliwashtaki majaji wote 15 wa wilaya hiyo, jambo lisilo la kawaida hata kidogo, na shtaka likatupwa Agosti mwaka huohuo.

Mahakama ya Juu yenyewe iliukuza umuhimu wa wilaya katika shauri la J.G.G. Machi 2025 serikali ilitumia Sheria ya Maadui wa Kigeni ya 1798 kuwapeleka Wavenezuela katika gereza la El Salvador. Aprili 7 mahakama iliamua, kwa 5 dhidi ya 4, kwamba wanaopinga kuondolewa kwa sheria hiyo ni lazima watumie habeas corpus, tena katika wilaya walimofungwa. Lakini ilisema pia kwamba wapewe taarifa mapema, kiasi cha kuweza kufungua ombi. Mei 16, katika shauri jingine la Texas, ikaongeza kuwa taarifa ya saa 24 hivi isiyoeleza namna ya kuipinga amri haitoshi.

Ombi likishafunguliwa, sheria inasema aliyemshikilia mtu ajibu ndani ya siku 3, na kwa sababu nzuri hadi siku 20. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa mapambo: majaji walitoa wiki 3 au miezi 2, shauri likapelekwa kwa hakimu wa shirikisho aandike mapendekezo, pande zote zikapewa siku 14 kuyapinga, na mahabusu wengi waliondolewa nchini kabla uamuzi haujatoka, ombi likafutwa kwa kukosa cha kuamua. Mwaka 2025 kasi ilibadilika, na majaji wengi wakaanza kudai majibu ndani ya siku chache. Jibu la serikali huambatana na kiapo cha ofisa wa ICE. Mara nyingi mambo ya kweli hayabishaniwi, jaji huamua kwa karatasi tu, na mwombaji hafiki mahakamani kabisa. Jaji wa wilaya anaweza pia yeye mwenyewe kumpa mwombaji dhamana wakati ombi linasubiri, uwezo uliotumika katika mashauri ya wanafunzi ya 2025, kama lile la Öztürk.

Kilichowasukuma majaji hao kuharakisha ni uamuzi mmoja wa kiutawala. Kwa miongo kadhaa, mtu aliyeingia Marekani bila kukaguliwa na kukamatwa baadaye ndani ya nchi alihesabiwa chini ya 1226(a), hivyo aliweza kuomba dhamana. Julai 2025 ICE ilibadili msimamo: mtu huyo, hata awe ameishi Marekani miaka 20, ni mwombaji wa kuingia chini ya 1225(b), na hana dhamana. Septemba 5, 2025, katika shauri la Yajure Hurtado, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliukubali msimamo huo na kuwafunga mikono majaji wote wa uhamiaji. Idadi ya walio kizuizini ilikuwa imekwisha kupita 60,000. Watu waliokuwa wakipata dhamana ndani ya wiki mbili sasa hawakuwa na pa kwenda isipokuwa mahakama ya shirikisho, na maombi yakamiminika. Sehemu kubwa ya majaji wa wilaya walioliamua suala hilo, wakiwemo walioteuliwa na marais wa Republican, waliikataa tafsiri mpya na kuamuru mwombaji asikilizwe dhamana au aachiwe. Lakini kwa kawaida hukumu ya jaji wa wilaya inamfunga mjibu maombi katika shauri lile tu. Kesho yake wakili wa serikali alirudi mbele ya jaji yuleyule na hoja ileile dhidi ya mahabusu mwingine. Aliyekuwa na wakili alitoka. Jirani yake wa kitanda, mwenye mazingira yaleyale ila hana wakili, alibaki.

Sura nyingine mpya inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Hoja ya Zadvydas husimama pale ambapo hakuna nchi inayompokea mtu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilianza kutafuta nchi za tatu za kuwapokea watu wasio raia wa nchi hizo: watu 8, wengi wao kutoka Asia na Amerika ya Kilatini, walikwama Djibouti kwa wiki kadhaa kabla ya kufikishwa Sudan Kusini mwezi Julai, Rwanda ilikubali kupokea hadi 250, na 7 wa kwanza walifika Agosti, Uganda nayo ilitangaza makubaliano. Kisheria, mikataba hii inaipa serikali jibu jipya mbele ya jaji: siku ya kuondolewa iko karibu, maana nchi imepatikana. Majaji hawajalikubali jibu hilo kwa jina la nchi tu. Katika shauri la mhamiaji Kilmar Abrego Garcia, aliyekamatwa tena Baltimore Agosti 2025, serikali ilitaja Uganda, kisha Eswatini, Ghana na Liberia, huku mwenyewe akiwa amesema yuko tayari kwenda Costa Rica. Jaji Paula Xinis aliamuru aachiwe Desemba 11, akiona pia kwamba katika jalada lote la kesi hiyo hapakuwa na amri ya mwisho ya kumwondoa nchini.

Amri ya kuachiwa huja kwa sura kadhaa. Jaji anaweza kuamuru mtu atoke siku hiyohiyo, au asikilizwe dhamana ndani ya siku 7 na asiposikilizwa atoke, au asikilizwe serikali ikithibitisha kwa ushahidi ulio wazi kwamba ni hatari au atatoroka. Sura ya pili na ya tatu humrudisha kwa jaji wa uhamiaji, ambaye anaweza kumnyima dhamana upya, na hapo nafasi ya kurudi kwa jaji wa wilaya ni ndogo, kwa sababu sheria inazuia mahakama kupitia busara ya uamuzi wa dhamana. Upande ulioshindwa una siku 60 kukata rufaa. Mara nyingi anayetoka hufungwa kifaa cha kumfuatilia mguuni au hutakiwa kuripoti ICE kwa tarehe maalumu, na kesi yake ya kuondolewa nchini inaendelea. Aliyeachiwa kwa uangalizi baada ya amri ya mwisho anaweza kukamatwa tena, lakini kanuni za Wizara ya Usalama wa Ndani zinataka aelezwe sababu, na zinataka iwepo dalili mpya kwamba kuondolewa kwake sasa kunawezekana. Wengi waliokamatwa tena mwaka 2025 walipokwenda kuripoti kama kawaida hawakupewa maelezo hayo, na ukiukaji huo wa kanuni umekuwa peke yake msingi wa kutosha kwa baadhi ya majaji kuamuru waachiwe.